Jina Langu Halikutajwa

*Mchungaji, kila Jumamosi humtekea maji na kumsongea ugali bibi mmoja mgonjwa hapa Natta. Juzi kanisani walitajwa wahudumu, jina langu likarukwa. Nikachukia hata nikakosa usingizi. Je, mimi ni mnafiki? Niache?*
*Mama wa Natta, Serengeti*

Dada yangu, waogopa kwamba chuki ile imebatilisha huduma yako yote. La, hasha. Nafsi iliyochoka, ikikosa hata wa kuiambia ahsante, hugeuza sadaka kuwa deni. Na kwa kuwa nia za wanadamu aghalabu ni mchanganyiko, mwenye kungoja nia yake itakate ndipo akateke maji, atamwacha bibi yule na kiu.

Mkoani mwetu Mara, uamsho ulipolifikia kanisa la Wamennonite la Shirati mwaka 1942, wamisionari na wenyeji waliungamiana dhambi zao. Miongoni mwao alikuwamo Zedekia Kisare, ambaye mwaka 1967 akawa askofu wa kwanza Mwafrika wa kanisa hilo. Toba haikuwaondoa kazini.

Basi soma Mathayo sura ya 6. Jumamosi ijayo, ukishatua ndoo, keti umsikilize bibi, wala usimsimulie mtu. Kisha jiulize: lau asingalijua yeyote, ningalikuja? Jibu likiwa zito, liungame kwa Mungu na kwa rafiki mmoja msiri. Walakini ukiona hulali wala huli kwa majuma, mwone mchungaji wako, na zahanati pia, maana uchovu huweza kuwa maradhi.

Usiache, dada. Bibi anakungoja.