SOMO LETU: SIGARA NA MAGOTI



Vikundi tunavyotembelea pande za Moiben, Turbo na Kesses hutuambia jambo moja: magoti ya wazee yanauma. Kupalilia mahindi ni kazi, na kuchuchumaa kukamua ng'ombe ndiyo shida kabisa. Mara nyingine tunamkuta mzee kivulini, mkono mmoja wasugua goti, wa pili umeshika sigara. Ukimwuliza atakwambia, "Hii yanituliza maumivu." Je, ni kweli? Hebu tujifunze pamoja.

1. Ndani ya goti kuna nini?

Ukichinja mbuzi umeona kile kitu cheupe, chenye utelezi, kwenye ncha ya mfupa. Hiyo ndiyo gegedu. Inazuia mifupa isisagane. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwa majimaji yaliyo ndani ya goti. Ndiyo maana ikichakaa haiponi kama kidonda cha ngozi.

2. Moshi unafanya nini?

Sote twajua hatari ya kulala na jiko la makaa nyumba ikiwa imefungwa. Hewa ile ya sumu, kaboni monoksaidi, imo pia katika moshi wa sigara. Huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Wataalamu wanafikiri kwamba hiyo, pamoja na sumu nyingine za moshi, huinyima gegedu nguvu ya kujitengeneza.

Mwaka 2007 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya kuwafuatilia wanaume 159 wenye ugonjwa wa magoti kwa miezi 30. Wavutaji walikuwa 19 tu, tena wenye umri mdogo na wembamba kuliko wenzao. Hata hivyo, hatari yao ya kupoteza gegedu ilikuwa zaidi ya mara mbili, na maumivu yao yalikuwa makali zaidi. Basi yule mzee wetu hatulizwi vile anavyodhani.

Hatusemi kila goti bovu limeletwa na sigara. Umri, uzito wa mwili, kuumia zamani na kazi nzito pia huchangia. Lakini goti lililokwisha kuumwa, kwa nini kuliongezea mzigo?

3. Tufanye nini?

- Tusimcheke wala kumgombeza anayevuta. Kuacha si rahisi. Kikundi kimchagulie mwenzake wa kumtia moyo, hasa wiki za kwanza.
- Mwenye maumivu aende zahanati, na aseme wazi kama anavuta.
- Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja, hesabu mpaka 5, ushushe pole pole. Rudia mara 10 kila mguu. Misuli ya paja ikipata nguvu, goti hupumzika.
- Mwenye uzito mwingi ajaribu kuupunguza.

Maswali ya kujadili

1. Mzee akishindwa kutembea, ni kazi gani zinasimama nyumbani? Nani huachiwa kuzifanya?
2. Sigara 5 kwa siku ni 1,825 kwa mwaka. Zidisheni kwa bei ya duka lenu. Pesa hizo zingefanya nini?
3. Nani kati yetu angependa kuacha, na tutamsaidiaje?

Gegedu iliyokwisha ni vigumu kurudi. Iliyobaki tuitunze.