Intaneti ya Nyumbani Ikikatika Katikati ya Malipo: Fanya Hivi Kabla Hujalipa Mara ya Pili

Umeweka kiasi, umeandika nambari ya siri, umebonyeza "Lipa", kisha kale kaduara kanaanza kuzunguka. Kanazunguka, kanazunguka, mwisho unaambiwa hakuna mtandao. Je, pesa imeenda ama haijaenda? Wengi wetu hapo hurudia malipo palepale, na hapo ndipo karo au kodi ya nyumba hulipwa mara mbili.

Leo tunaangalia mambo mawili: malipo yakikwama ufanye nini, na jinsi ya kutafuta kinachosumbua intaneti yako ya nyumbani. Hatua nyingi hazihitaji fundi.

Pesa iko wapi mtandao ukikatika?

Ukibonyeza "Lipa", simu yako inatuma ombi kwetu. Tukilipokea, tunahamisha pesa, halafu tunairudishia simu jibu. Intaneti inaweza kukatika mahali pawili.

Ikikatika ombi likiwa bado halijatoka, hakuna kilichofanyika. Pesa yako iko palepale.

Ikikatika baada ya ombi kutufikia, malipo yamekamilika ila jibu halijafika kwenye apu. Pesa imeenda, na wewe hujui.

Shida ni kwamba kwenye skrini hali hizi mbili zinafanana kabisa. Kwa hivyo usirudie malipo kabla ya kuangalia mambo haya:

1. Ujumbe mfupi wa uthibitisho. Ujumbe huu hupita kwenye laini yako ya simu, si kwenye waifai. Waifai ikiwa imekufa bado utaupata, bora simu iwe na mtandao wa kawaida.
2. Salio. Je, limepungua?
3. Orodha ya miamala yako ya karibuni. Je, malipo hayo yameorodheshwa?

Ukipata hata moja kati ya hizo ikionyesha pesa imetoka, usilipe tena. Ikiwa unalipia tokeni na zile tarakimu 20 zimechelewa, omba zitumwe upya. Hiyo haimaanishi ununue nyingine.

Hatua ya 1: Jua ni waifai ama ni intaneti

Watu wengi huchanganya hivi viwili. Waifai ni njia kutoka simu yako hadi kwenye rauta. Intaneti ni njia kutoka rauta hadi kwa kampuni inayokuuzia huduma, na kwenda mbele. Simu inaweza kuonyesha waifai imejaa na bado hakuna kinachofunguka.

Jaribu hivi: nenda usimame mita mbili hivi kutoka kwa rauta. Mambo yakienda vizuri hapo lakini ukirudi chumbani yanakwama, shida ni waifai. Yakikwama hata ukiwa karibu, na kwenye simu zote za nyumbani, shida iko upande wa rauta au kampuni. Ikiwa ni simu moja tu inayosumbua na nyingine ziko sawa, shida ni hiyo simu. Mwambie isahau mtandao huo, kisha uiunganishe upya.

Hatua ya 2: Soma taa

Kama umewekewa faiba, angalia kile kisanduku ambamo waya mwembamba wa faiba unaingia. Taa iliyoandikwa LOS ikiwaka nyekundu, maana yake mwanga kutoka kwa kampuni haufiki kwako. Waya unaweza kuwa umekatika nje, umechomoka, au umekunjwa sana nyuma ya kabati. Ndani ya faiba kuna uzi wa kioo, kwa hivyo ukiupinda sana mwanga haupiti vizuri. Unyooshe polepole. Ukiwa umechomoka, usichungulie mwisho wake kwa jicho. Taa ikibaki nyekundu, hapo piga simu kwa kampuni, hakuna utakachorekebisha mwenyewe.

Hatua ya 3: Zima na uwashe kwa mpangilio

Zima kila kitu kwenye soketi. Hesabu sekunde 30. Washa kisanduku cha faiba kwanza, subiri taa zitulie, ndipo uwashe rauta. Ipe dakika chache kabla ya kujaribu. Na tafadhali usiguse kile kitundu kidogo kilichoandikwa RESET. Hicho hufuta mipangilio yote, na huenda ukalazimika kumngoja fundi aje kuirudisha.

Hatua ya 4: Rauta imewekwa wapi?

Rauta ikiwa sakafuni, nyuma ya televisheni au ndani ya kabati, unaibana pumzi. Iweke juu, mahali wazi, karibu na katikati ya nyumba. Ukuta wa mawe hupunguza nguvu ya waifai, na mabati huirudisha nyuma. Ndiyo maana nyumba za mabati na vyumba vya nyuma ya ploti husumbua.

Rauta nyingi hutoa waifai mbili. Ya gigahazi 2.4 hufika mbali na hupenya ukuta vizuri zaidi, lakini ndiyo inayojaa: majirani wako pia wanaitumia, na hata maikrowevu ikiwaka huivuruga. Ya gigahazi 5 ina kasi zaidi ila haifiki mbali. Ukiwa chumba kimoja na rauta, tumia ya 5. Ukiwa chumba cha mbali, tumia ya 2.4. Kwenye fleti yenye rauta kila mlango, ingia kwenye mipangilio uchague chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu haziingiliani.

Hatua ya 5: Nani mwingine anatumia?

Mtoto anatazama video, simu mbili zinajisasisha, na wewe unataka kulipa. Hapo foleni ni ndefu. Mipangilio ya rauta huonyesha vifaa vyote vilivyounganishwa. Ukiona usivyovijua, badilisha nywila ya waifai, na pia ile nywila ya kuingia kwenye rauta yenyewe kama bado ni ile iliyokuja nayo.

Hatua ya 6: Andika saa

Kwa siku tatu, kila intaneti ikikatika andika siku, saa, na rangi za taa. Ikisumbua jioni pekee, huenda watumiaji wamezidi eneo lenu. Ikisumbua mvua ikinyesha, kuna kiungio au waya wa nje unaoingiza maji. Ikizima kila stima ikipepesa, chunguza adapta ya rauta. Ukiipigia kampuni ukiwa na orodha hii, ni vigumu wakujibu tu "zima uwashe". Ukilalamika na usisaidiwe, unaweza kupeleka malalamiko yako kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, ila lazima uanze na kampuni yenyewe.

Kumbuka pia kuna siku kosa si la mtu yeyote mtaani kwenu. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ikawa polepole Kenya na nchi jirani. Siku kama hiyo hata ukihamisha rauta mara kumi haitasaidia.

Kama ni lazima ulipe sasa hivi

Zima waifai kwenye simu kisha utumie bando. Waifai dhaifu ni mbaya kuliko kukosa waifai, kwa sababu simu hubaki imeing'ang'ania hata kama haipitishi kitu.

Huna bando? Tumia menyu ya simu ile ya kupiga nyota. Haihitaji intaneti hata kidogo. Huduma za pesa kwa simu zilipoanza Kenya mwaka 2007, watu walikuwa wanatumia simu za kabambe, na menyu ya kupiga nyota inafanya kazi hata kwenye simu kama hizo. Weka menyu hiyo kichwani kabla ya siku ya shida.

Jambo la mwisho. Matapeli wanapenda sana mtu ambaye malipo yake yamekwama. Mtu akikupigia akisema anakusaidia kukamilisha au kurudisha malipo, kisha akuombe nambari ya siri, kata simu. Sisi hatutakuuliza nambari yako ya siri, hata malipo yakwame namna gani.

Je, umelipa mara mbili tayari? Usingoje kesho. Wasiliana nasi mara moja ukiwa na nambari za miamala yote miwili, kwa sababu kurudisha pesa ni rahisi zaidi kabla aliyeipokea hajaitoa.