Panga la Msuko: Somo la feni ya injini ya ndege kwa Kiswahili

Katika somo letu la tafsiri ya kiufundi niliwapa wanafunzi matini niliyoiandaa mwenyewe kutoka Kifaransa. Ilihusu usanifu wa mapanga ya feni katika injini za ndege, yale yasiyotengenezwa kwa metali bali kwa kile Wafaransa wanachokiita « matériau composite ». Niliandika kwamba mapanga hayo ni ya "mchanganyiko wa kaboni na gundi". Sentensi zilikuwa safi, upatanisho wa kisarufi ulikuwa sawa, na hakuna aliyeuliza swali. Kisha nikawataka waeleze kwa maneno yao jinsi panga moja linavyotengenezwa. Wengi waliandika kwamba kaboni husagwa, hukorogwa pamoja na gundi, halafu humiminwa katika kalibu, kama fundi anavyokoroga saruji na mchanga.

Panga lililotengenezwa hivyo lingevunjika injini ikiwashwa mara ya kwanza. Hata hivyo wanafunzi walisoma sawasawa. Mwenye kosa ni mimi, kwani neno "mchanganyiko" ndilo lililowatuma kwenye koleo na mchanga. Makala haya ni somo lile lile, nililoliandika upya.

Tuanze na jina la injini yenyewe, kwa kuwa nalo lina mtego. Mtu wa Kisangani akisikia "turbini" hufikiria kituo cha umeme cha mto Tshopo, ambako maji huzungusha gurudumu. Hapo hajakosea: turbini ni gurudumu linalozungushwa na kitu kinachopita. Tatizo ni "gesi". Akisikia "turbini ya gesi" hufikiria chupa ya gesi ya kupikia. Lakini injini hii hunywa mafuta ya taa yaliyosafishwa kwa ajili ya ndege. Gesi inayotajwa ni ile hewa ya moto inayotoka penye mwako na kuzungusha magurudumu ya nyuma. Magurudumu hayo huzungusha mhimili, na mhimili huzungusha feni kubwa iliyo mbele kabisa, ile tunayoiona tukisimama karibu na ndege pale Bangboka. Katika injini kubwa za leo feni ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusukuma. Kwenye injini ya GEnx, kwa mfano, kwa kila kilo 1 ya hewa inayopita ndani ya moyo wa injini, kilo 9 hivi hupitia pembeni, zikisukumwa na feni peke yake.

Kwa "feni" tunalo pia neno "pangaboi". Asili yake ni mtumishi wa zama za wakoloni aliyevuta kamba ya pepeo kubwa la darini, ambaye Waingereza wa India walimwita « punkah boy ». Masikio ya Waswahili yalisikia "panga" ndani ya jina hilo, na tangu hapo kila jani la feni likawa panga. Kihistoria hilo ni kosa, lakini ni kosa lililotufaa sana. Wenye Kifaransa wana « aube », neno ambalo pia lina maana ya alfajiri, na nimewahi kusahihisha karatasi yenye "alfajiri ya kipulizio". Sisi tuna panga: lina shina, lina ncha, lina makali mbele na mgongo nyuma. Msanifu wa injini angeyahitaji maneno hayo yote manne.

Sasa, kwa nini metali iachwe? Tufanye hesabu ya panga la kufikirika. Lina uzito wa kilo 10, kitovu cha uzito wake kiko mita 1 kutoka katikati ya mhimili, na feni inazunguka mara 2,400 kwa dakika, yaani mara 40 kwa sekunde. Panga hilo hulivuta shina lake kuelekea nje kwa nguvu ya nyutoni 630,000 hivi, kana kwamba tani 64 zimening'inizwa kwenye panga moja. Ukipunguza uzito wa panga kwa nusu, nguvu hiyo nayo hupungua kwa nusu. Kisha gurudumu linaloshika mapanga huweza kuwa jepesi, na mhimili vivyo hivyo, na hata bawa linalobeba injini. Sentimita moja ya ujazo ya aloi ya titani ina gramu 4.4 hivi; ya kaboni na gundi ina gramu 1.6 hivi. Msanifu hapati faida hiyo yote, kwani panga la kaboni mara nyingi hulazimika kuwa nene kuliko la titani, lakini anapata ya kutosha.

Nguvu hiyo ya tani 64 inavuta upande mmoja tu, kutoka shinani kwenda nchani. Hapo ndipo neno "mchanganyiko" linapokufa. Uzi mmoja wa kaboni una unene wa maikromita 5 hadi 7, mara kumi hivi chini ya unywele. Ukiuvuta kwa urefu wake una nguvu ya ajabu, ila ukiukunja kwa nguvu hukatika. Kwa hiyo nyuzi hazikorogwi, bali hupangwa. Nyingi hulala kutoka shinani hadi nchani, kupokea mvuto. Nyingine hulala mshazari, ili panga lisijipinde kama jani la mgomba katika upepo. Gundi hujaza nafasi zinazobaki, huzishika nyuzi mahali pake na kuhamisha mzigo kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Yeye anayeandika "mchanganyiko" anaufuta mpangilio huo, na mpangilio ndio usanifu wenyewe.

Jambo hili kwetu si geni. Ukuta wa potopoto ni fito na udongo. Fito peke yake hutikisika, na udongo peke yake hupasuka. Fundi akizifunga fito na kuzikandika, ukuta unasimama. Mfano bora zaidi uko kwenye maporomoko ya Wagenia, dakika chache kutoka kitivoni kwetu. Migono ile mikubwa ya wavuvi, yenye umbo la pia, inakaa mdomo wazi mbele ya maji ya Boyoma, na maji huisukuma mchana na usiku. Mzee mmoja anayesuka migono, ambaye mimi humwita mjomba, nilimsomea matini yangu ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza: "Sasa hizo kamba zinalala upande gani?" Matini yangu haikuwa na jibu. Kwake yeye kitu kilichotengenezwa kwa nyuzi bila kusema zinalala upande gani hakijaelezwa bado. Alinionyesha fito nene zinazokimbia kwa urefu wa mgono, kufuata mkondo, na kamba nyembamba za msitu, ambazo wenzetu wa Kilingala huziita kekele, zinazozunguka na kuzibana. Mdomoni anaongeza, mkiani anapunguza. Ndivyo pia msanifu wa panga afanyavyo: tabaka nyingi shinani, chache kadiri anavyokaribia ncha.

Nikarudi kwa wanafunzi na neno "msuko". Mwenzangu mmoja alipendekeza "mseto", nalo si baya. Katika sahani ya mseto choroko haipotei ndani ya mchele, na katika serikali ya mseto kila chama hubaki na jina lake. Lakini choroko hazina mpangilio, wala vyama. Nimeliacha "mseto" litumike kama jina la jumla la maada za aina hii, na "msuko" kwa zile ambazo nyuzi zake zimepangwa. Gundi iliyoganda baina ya nyuzi nimeiita "mkandiko". Kuhusu hilo la mwisho darasa bado limegawanyika, na wanaosema "gundi" inatosha wana hoja.

Ila tusidhani kwamba aliyejua kusuka alifaulu mara moja. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Rolls-Royce waliunda injini ya RB211 kwa ajili ya ndege ya Lockheed TriStar, wakaipa mapanga ya kaboni waliyoyaita Hyfil. Mwaka 1970 walifanya jaribio la ndege kuingia katika feni.

Hapa nasimama kidogo, kwa sababu sentensi hiyo ina shida. Ndege gani? Kiswahili kimempa kiumbe na chombo jina moja. Upatanisho ndio unaotuokoa: "ndege aliingia" ni mwenye manyoya, "ndege iliingia" ni chombo. Lakini Kiswahili cha mitaani kwetu hupunguza upatanisho, na tofauti hiyo hupotea mdomoni. Katika maelekezo ya kiufundi nimechagua "nyuni" kwa kiumbe, neno la zamani ambalo wanafunzi walilicheka wiki ya kwanza na kulizoea wiki ya pili.

Basi, nyuni aliingia na mapanga ya Hyfil yakasambaratika. Yalistahimili mvuto, hayakustahimili kipigo cha ubavuni. Ncha ya panga la mfano wetu, ikiwa mita 1.4 kutoka katikati, hukimbia mita 350 kwa sekunde, na kwa mwendo huo nyama ya nyuni hupiga kama jiwe. Kampuni ilirudi kwenye titani, na tarehe 4 Februari 1971 ikatangazwa kuwa imefilisika. Mapanga hayakuwa sababu pekee, kwani gharama za mradi mzima zilikuwa zimeishinda, lakini yalichangia.

Robo karne baadaye, mwaka 1995, injini ya GE90 ya General Electric ilianza kazi kwenye Boeing 777 ikiwa na mapanga 22 ya kaboni. Makali ya mbele ya kila panga yalivikwa titani, ili metali ipokee kipigo na msuko upokee mvuto. Mjomba alipoyasikia haya hakushangaa. Mkuki, alisema, mti wake ni mti lakini ncha yake ni chuma. Mapanga ya GE90 hujengwa kwa kupandanisha tabaka juu ya tabaka, kama mikeka iliyowekwa mmoja juu ya mwingine. Injini ya LEAP, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2016, ina mapanga 18 yaliyofumwa kwa njia nyingine: nyuzi hupita pia kutoka upande wa juu wa panga kwenda wa chini, zikizishona tabaka pamoja. Mfumo huo wa nyuzi huwekwa katika kalibu iliyofungwa, gundi ikasukumwa ndani, kisha kikaokwa. Huo ni mgono zaidi kuliko mkeka. Msafiri wa kwetu anayefika Nairobi na kupanda Boeing 787 ya Kenya Airways atayaona mapanga ya GEnx, nayo 18, meusi yenye ukingo wa fedha. Uwezekano huu, lakini, unaishia kwenye feni, iliyo sehemu ya baridi ya injini. Kule nyuma penye moto gundi ingeungua.

Nilisema mwanzoni kwamba panga lililokorogwa lingevunjika. Nisichokisema ni kwamba hata panga zuri huharibika, na hapo kazi ya mfasiri inagusa maisha ya watu. Metali hupata ufa. Tarehe 17 Aprili 2018, huko Marekani, panga la titani katika injini ya ndege ya Southwest lilikatika kwa ufa uliokua polepole shinani, na abiria mmoja akafa. Msuko unaweza kuharibika kwa namna nyingine: ukipigwa, tabaka zake huachana ndani kwa ndani, huku ngozi ya nje ikibaki laini. Nilikuwa nimeliandika hilo pia kuwa "ufa". Fundi anayesoma "ufa" atatafuta mstari juu ya panga, hataona kitu, na atatia sahihi. Sasa nimeandika "kubanduka kwa ndani". Uchunguzi wake hufanywa kwa mawimbi ya sauti yasiyosikika, na kwa vifaa vingi vya msuko mafundi bado hugonga polepole na kusikiliza: palipobanduka huitika kwa sauti butu. Mama anayenunua chungu sokoni hugonga vivyo hivyo kabla ya kulipa. Mkoa wetu barabara zake tunazijua, na wengi hufika Kinshasa kwa ndege. Siku maelekezo ya matengenezo yatakapoandikwa kwa Kiswahili, neno hilo lisiwe limekosewa.

Somo linalofuata litahusu kasha la feni, lile linalopaswa kulizuia panga lililokatika lisitoboe ubavu wa injini. Huko nimekwama kati ya "kudaka" na "kunasa". La pili linanivuta, hasa kwa kuwa linasikika karibu sana na « nasse », jina la Kifaransa la mgono, ingawa maneno hayo hayana undugu. Lakini kinachonaswa hubaki palepale, na panga lililokatika huendelea kujipigapiga ndani ya kasha. Mwenye neno la tatu aniletee kabla ya muhula kwisha.