Majivu Yasilale Ndani ya Jiko la Nyama Choma

Pipa la lita 200 likikatwa katikati kwa urefu wake, likachomelewa miguu na kuwekewa wavu juu, linatoa majiko mawili ya kuchomea nyama. Ndiyo majiko tunayoyakuta kwenye baa za Arusha na Dar es Salaam, kwenye vibanda vya mishkaki, na nyuma ya nyumba zetu siku ya Idi au Krismasi. Likitunzwa, jiko la namna hii hudumu miaka mingi. Lakini mengi yanatoboka mapema, na wenye nayo husema moto umeyala. Moto una sehemu yake, ila aliyeharibu zaidi ni majivu yaliyoachwa humo ndani.

Majivu ya mkaa yana chumvichumvi, na chumvi huvuta unyevu kutoka hewani na kuushika. Juu yake yanadondokea mafuta ya nyama, maji ya ndimu na chumvi ya mpishi. Mchanganyiko huo ukilala ndani ya pipa usiku mmoja wa masika, asubuhi umeshakuwa tope, na tope hilo linaganda juu ya chuma mpaka siku utakapochoma tena. Kutu inaanza chini kabisa, mahali usipopaona. Ukanda wa pwani hali ni mbaya zaidi, maana hewa ya bahari yenyewe ina chumvi. Anayechomea Tanga au Unguja hana nafasi ya uvivu anayoweza kuwa nayo mwenzake wa Dodoma.

Basi kanuni ya kwanza ni hii: majivu yatoke kila baada ya kuchoma. Swali ni namna ya kuyatoa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoungua.

Usimwage maji ndani ya jiko lenye makaa ya moto. Mvuke unaoruka unababua mkono na uso kwa nukta moja, chuma kilichopata moto kikipozwa ghafla hupinda, na unachobakiwa nacho ni lile tope tulilokuwa tunalikimbia. Chukua koleo la chuma, hamisha makaa yaliyobaki kwenye debe la chuma lenye mfuniko unaobana, kisha funika. Makaa yakikosa hewa yanazimika yenyewe, na mkaa unaobaki unaufaa moto wa siku nyingine. Kwa bei ya gunia la mkaa ilivyo, hiyo ni akiba ya kweli kwa mfanyabiashara.

Debe hilo likae nje, juu ya udongo au saruji, mbali na ukuta wa mbao na mapaa ya makuti. Lisiingizwe ndani hata kama mvua inanyesha, na hata kama linaonekana limepoa. Makaa yanayofukuta hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na imeshaua watu wengi waliolala na jiko la mkaa chumbani wakikimbia baridi. Kaa dogo lililofunikwa na majivu linaweza kubaki hai kwa zaidi ya saa 24. Kwa hiyo majivu ya jana usiyamwage kwenye ndoo ya plastiki wala kwenye jalala lenye makaratasi. Yaliyopoa kabisa unaweza kuyatawanya kidogo kwenye shina la mgomba, mradi hayajalowa mafuta na chumvi.

Pipa likishakuwa tupu, lifagie kwa brashi kavu, kisha zibua matundu ya chini kwa msumari. Matundu hayo ndiyo pua ya jiko. Yakiziba, moto unafifia, mpishi anaongeza mkaa bila sababu, na maji ya mvua yakiingia hayana pa kutokea.

Wavu unahitaji uangalifu zaidi, maana ndio unaogusa chakula. Wakati mzuri wa kuusafisha ni dakika chache baada ya kutoa nyama ya mwisho, ungali na moto. Mafuta bado ni laini na mabaki yanaachia. Ukingoja kesho, yatakuwa yamekauka kama gundi na utasugua mara tatu ya hapo. Tumia kikwaruzio cha chuma kipana, au karatasi ya aluminiamu iliyokunjwa kuwa donge na kushikwa kwa koleo. Wachomaji wengi hukata kitunguu au ndimu vipande viwili, wakachoma kipande kwenye uma mrefu na kusugulia wavu wenye moto. Njia hiyo inafanya kazi, kwa sababu majimaji yanageuka mvuke na kulegeza uchafu. Lakini kitunguu hakiui vijidudu, moto ndio unaoviua. Kabla ya kuweka nyama mpya, acha wavu mtupu juu ya makaa yaliyokolea kwa dakika 10 hadi 15.

Kuhusu brashi ya waya, ninaomba msomaji anisikilize vizuri. Brashi hizi zinauzwa bei rahisi kila duka la vifaa, na nyuzi zake huchomoka. Uzi mmoja unabaki kwenye wavu, unanata kwenye nyama, na mlaji anaumeza bila kujua. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Missouri nchini Marekani walipopitia takwimu za hospitali za mwaka 2002 hadi 2014 walikadiria kuwa zaidi ya watu 1,600 walifika vyumba vya dharura kwa majeraha yaliyotokana na brashi hizo. Wengi wao waliumia mdomoni na kooni, lakini uzi wa waya ukipita hapo unaweza kutoboa utumbo. Kama huna chombo kingine, kagua brashi kabla ya kuitumia, itupe mara nyuzi zinapoanza kulegea, na ukimaliza futa wavu wote kwa kitambaa kibichi. Ningependa zaidi uiache kabisa, hasa mahali wanapokula watoto.

Mara moja kwa mwezi nyumbani, au kila wiki kwa mwenye kibanda, wavu unastahili kuoshwa sawasawa. Magadi yanayopatikana sokoni yanatosha. Yeyusha vijiko vichache vikubwa kwenye ndoo ya maji ya moto, loweka wavu kwa saa kadhaa, kisha sugua kwa dodoki au waya wa kusugulia sufuria. Vaa glavu, kwa kuwa maji ya magadi makali huchubua ngozi, na usiyatumie kwa vyombo vya aluminiamu kwani huvila. Suuza kwa maji mengi. Halafu usiuache wavu ujikaukie wenyewe. Urudishe juu ya moto mpaka ukauke kabisa.

Baada ya kukauka, chukua kitambaa cha pamba chenye mafuta kidogo ya alizeti, paka wavu wote, kisha ufute kana kwamba ulikosea kuupaka. Utando unaotakiwa ni mwembamba sana. Uweke juu ya moto mpaka uache kutoa moshi. Mafuta hayo yanagandamana na chuma na kuwa ngozi nyeusi, laini, inayozuia kutu na kuzuia samaki wasinate. Ngozi hiyo usiikwangue. Kinachotakiwa kuondoka ni magamba yanayobanduka kwa ukucha, siyo weusi wote. Nimeona nyavu nzuri zikisuguliwa mpaka zikang'aa kama mpya, na baada ya siku mbili zote zimevaa kutu. Na kwa wale wanaopaka oili chafu ya gari kuzuia kutu: acheni. Ile ina mabaki ya metali na sumu za injini, na moto hauziondoi.

Usafi huu unaonekana hata kwenye afya ya mlaji. Mafuta yanayodondoka kwenye makaa au kuungua kwenye mabaki ya zamani hutoa moshi wenye kemikali kama benzopireni, ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka katika kundi la kwanza, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Jiko chafu hutoa moshi huo kwa wingi na hulipuka ndimi za moto chini ya nyama. Mafuta yaliyojikusanya yakishika moto, usiyamwagie maji. Funika jiko kama lina mfuniko, au tupia mchanga. Nyama inaweza kupotea, lakini mtu yuko salama. Vilevile usiwashe mkaa kwa nailoni au mafuta ya taa: masizi yake yananata kwenye wavu na harufu yake inaingia kwenye nyama.

Wenye majiko ya gesi wana kazi nyepesi zaidi, ila wana mambo mawili ya kuangalia. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye mpira na maungio. Ukiona mapovu yanatumuka, gesi inavuja. Funga mtungi, na usiwashe kitu. Na jiko lililokaa miezi bila kutumika, chungulia mabomba ya kuchomea. Buibui hupenda kutaga humo, na utando wao unaziba njia ya gesi mpaka moto unarudi nyuma.

Jiko la pipa linalotumika sikukuu kwa sikukuu lihifadhiwe tupu, kavu, limefunikwa, na miguu yake iinuliwe juu ya matofali. Rangi ya kustahimili joto inapakwa nje tu. Ndani ya pipa na kwenye wavu hapapakwi rangi ya aina yoyote.

Kila mwaka ligonge pipa kwa bisibisi kuanzia chini. Panapolia kavu bado pazima. Panapobonyea, fundi anaweza kuchomelea bamba jipya, na mara nyingi ni nafuu kuliko kununua jiko zima. Wavu uliopinda au kuliwa na kutu hadi ukawa mwembamba ubadilishwe. Ukienda kwa fundi, taja wazi kwamba unataka chuma cha kawaida au chuma kisichoshika kutu, siyo wavu wa fensi wala chuma chenye mng'ao wa bati. Ule mng'ao ni zinki. Zinki huyeyuka ikifika nyuzi 420, na makaa yaliyopulizwa hupita joto hilo kwa mbali. Mafusho yake humletea mtu homa, kutetemeka na kichefuchefu.

Muulize pia pipa lilikuwa limebeba nini. La mafuta ya kula linafaa. Lililobeba dawa za mashamba au kemikali za kiwandani likatae, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Likishafika nyumbani, washa moto mkubwa wa kuni ndani yake bila chakula chochote, uuache uwake kwa saa moja au mbili mpaka rangi yote ibabuke na moshi wenye harufu uishe. Acha lipoe, likwangue, lioshe, likaushe. Kisha weka wavu wako uliopakwa mafuta ya alizeti, uuchome mpaka uwe mweusi, ndipo ulete nyama.