KAZI YA KUHUDUMIA WAGONJWA WA AKILI: NJIA YAKE NI IPI?



Jioni moja mama mmoja wa darasa letu alikuja na karatasi mkononi. Alikaa kimya mpaka somo likaisha. Kisha akasema, "Mwalimu, nisomee karatasi hii. Kesho nauza mbuzi wangu wawili."

Tukamjibu, "Hapana, mama. Soma wewe mwenyewe, sisi tutakusikiliza."

Akasoma polepole. Karatasi ilisema kuwa kijana yeyote atapewa cheti cha uuguzi wa magonjwa ya akili kwa miezi 6 tu. Haikutaja alama za kidato cha nne. Haikuwa na namba ya usajili wa chuo. Ilichotaja sana ni fedha na namba ya simu ya kutumia fedha hizo. Aliyeileta alikuwa mtu mgeni, hakuna aliyemjua pale kijijini.

Mama huyu ana mdogo wake wa kiume anayeugua ugonjwa wa akili. Binti yake ndiye aliyekuwa akimpeleka mjomba wake hospitali. Huko alimwona muuguzi akizungumza na mjomba bila kumfokea wala kumfunga kamba, mpaka akatulia na kunywa dawa. Binti akasema, "Mama, na mimi nataka kazi ile."

Nia ni njema. Lakini njia ya kazi ile ni ipi? Hilo ndilo somo letu la leo.

UGONJWA WA AKILI UNA WATAALAMU WAKE

Wapo wanaosema kuwa mtu mwenye ugonjwa wa akili amerogwa tu. Wengine humfungia ndani. Lakini huu ni ugonjwa kama magonjwa mengine, na una matibabu. Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili iko Mirembe, mjini Dodoma. Nchi yetu pia ina Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008.

Wanaomhudumia mgonjwa huyu ni wengi. Yupo muuguzi, yupo tabibu, yupo daktari bingwa. Yupo mwanasaikolojia, anayetibu kwa mazungumzo. Yupo na afisa ustawi wa jamii, anayesaidia familia. Kila mmoja ana masomo yake na cheti chake.

MLANGO WA KWANZA NI KIDATO CHA NNE

Anayetaka kusoma stashahada ya uuguzi au ya utabibu anatakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua 4 katika mtihani wa kidato cha nne. Masomo ya dini hayahesabiwi. Kati ya masomo hayo lazima ziwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Kufaulu Hisabati na Kiingereza kunamwongezea nafasi.

Hapa ndipo watoto wetu wengi wanapopotea. Wakifika kidato cha tatu wanaacha Fizikia na Kemia, ati ni ngumu. Sisi wazazi hatuulizi kitu. Siku hiyo mlango wa uuguzi unafungwa, wala hakuna mtu nyumbani anayesikia ukifungwa.

Ndivyo ilivyokuwa kwa binti wa mama yetu. Alifaulu Biolojia, Kemia, Kiswahili na Jiografia. Fizikia alikuwa ameiacha. Alipoomba chuo cha uuguzi akakataliwa. Ndipo yule mgeni akaja na karatasi yake.

Basi, mzazi mwenzetu, mtoto anapokaribia kidato cha tatu, nenda shuleni. Muulize mwalimu, "Mwanangu akiacha somo hili, atakosa kazi zipi?" Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

NGAZI HUPANDWA HATUA KWA HATUA

Stashahada ya uuguzi na ukunga huchukua miaka 3. Humo ndani mwanafunzi hufundishwa pia kuwahudumia wagonjwa wa akili. Akimaliza, hufanya mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Akifaulu husajiliwa na kupewa leseni. Cheti cha chuo peke yake hakitoshi. Bila leseni hana ruhusa ya kuuguza watu.

Muuguzi akipenda kuendelea, husoma shahada. Baadaye anaweza kusoma shahada ya uzamili katika uuguzi wa afya ya akili. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Dar es Salaam, kinafundisha hayo.

Daktari bingwa wa magonjwa ya akili huenda safari ndefu zaidi. Baada ya kidato cha sita husoma udaktari miaka 5. Kisha hufanya mazoezi kazini mwaka 1. Ndipo husomea ubingwa miaka 3.

Je, aliyeshindwa sayansi hana nafasi? Anayo. Kazi ya ustawi wa jamii haidai Fizikia. Mwenye kufaulu masomo 4 ya kidato cha nne, yasiyo ya dini, anaweza kuomba kuanza na astashahada, kisha akaenda stashahada mpaka shahada. Taasisi ya Ustawi wa Jamii ya Dar es Salaam ni mahali pamoja pa kujifunzia kazi hiyo.

Karibu zaidi na nyumbani yuko mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Mwezi wa Januari 2024 Serikali ilizindua mpango mpya wa wahudumu hawa. Mafunzo yao ni ya miezi 6: miezi 3 darasani na miezi 3 ya vitendo. Mhudumu huyu hutembelea nyumba na kuwaelekeza wagonjwa waende zahanati. Kazi yake ni kubwa, lakini yeye si muuguzi. Tusichanganye mambo haya mawili.

ALIYECHELEWA ANAWEZA KURUDI

Aliyemaliza kidato cha nne akakosa somo anaweza kulifanya tena akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Aliyeishia darasa la saba anaweza kufanya Mtihani wa Maarifa. Akifaulu, atajiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina mafunzo ya sekondari kwa watu kama hawa.

Lakini tuseme kweli. Sayansi ina mtihani wa vitendo. Kabla ya kujiandikisha, uliza kama kituo kina maabara na mwalimu wa somo hilo.

Na wewe uliyemaliza kisomo juzi, usikate tamaa. Safari yako ni ndefu, hatukufichi. Pengine hutafika uuguzi wewe mwenyewe. Lakini kusoma kwako kunaweza kumwonyesha mwanao njia, na kukulinda wewe na matapeli.

KABLA YA KUTOA FEDHA

Fanya mambo haya manne:

1. Uliza jina kamili la chuo na namba yake ya usajili.
2. Tazama kama chuo kimo katika orodha ya NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi. Kama huna njia ya kuiona, mwombe mwalimu au afisa elimu wa kata akutazamie.
3. Uliza alama zinazotakiwa. Chuo cha afya kisichouliza alama kina walakini.
4. Usitume fedha kwa simu ya mtu binafsi. Dai stakabadhi.

Sisi tulifanya hivyo kwa ile karatasi. Chuo kile hakikuwemo katika orodha. Tulipompigia yule mgeni kumwuliza namba ya usajili, akakata simu.

Mbuzi hawakuuzwa wiki ile. Baadaye mama aliuza mmoja tu, akalipa ada ya binti kurudia Fizikia katika kituo chenye maabara. Binti amefanya mtihani, sasa anangoja matokeo. Hatujui atapata nini. Tunajua kwamba safari hii anabisha hodi penye mlango wa kweli.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni masomo gani matatu ambayo hayawezi kukosekana kwa anayeomba stashahada ya uuguzi?
2. Kwa nini cheti cha chuo hakimtoshi muuguzi?
3. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii na muuguzi wanatofautianaje?
4. Kijijini kwenu, mtu mwenye ugonjwa wa akili anatendewaje? Nani wa kumpeleka zahanati?