Kutoka Upunga hadi Kifuu: Namna ya Kusoma Umri wa Nyota

Anayetaka kujua nazi inavyokua hahitaji kukaa chini ya mnazi mwaka mzima. Akiinua macho ataona upunga, vidaka, vitale, madafu, makoroma na nazi pevu, vyote kwenye mti mmoja. Nyota nazo husomwa hivyohivyo. Jua letu lina miaka bilioni 4.6 na limebakiwa na kama bilioni 5. Hakuna wa kulisubiri. Lakini anga la usiku mmoja lina nyota za kila rika, na zilizo rahisi kuzipata ziko jirani.

1. Chagua usiku

Toka mwishoni mwa Januari au Februari, mwendo wa saa tatu usiku, siku chache kabla au baada ya mwezi kuandama ili mbalamwezi isikusumbue. Tandika mkeka mbali na taa, lala chali, usubiri dakika 20 macho yazoee giza. Simu iache mfukoni: ukiiwasha mara moja tu, unaanza upya.

2. Anza na Jabari

Karibu na utosi tafuta nyota tatu zilizojipanga mstari. Huo ni mkanda wa Jabari, ambaye vitabu vingi humwita Orion. Kusini ya mkanda vinaning'inia vinyota kama upanga, na cha katikati kina ukungu. Usikikodolee, tazama pembeni yake kidogo, kitatokeza zaidi. Hilo ni wingu la gesi na vumbi, umbali wa miaka ya nuru 1,350 hivi. Ndani yake gesi inajivuta kwa uzito wake, inasongamana na kupata joto, hadi hidrojeni inaanza kuungana kuwa heli. Hapo nyota imezaliwa. Huu ndio upunga.

3. Fuata mkanda kaskazini-magharibi

Utakuta Dabarani, nyota yenye wekundu, na mbele yake kishada kidogo cha Kilimia, ambacho wakulima wamekitumia tangu zamani kujua msimu. Nyota za Kilimia zilizaliwa pamoja, miaka kama milioni 100 iliyopita. Hivi ni vitale. Dabarani ni mzee. Hidrojeni ya kiini chake imekwisha, naye amevimba hadi kulizidi Jua kwa upana zaidi ya mara 40. Jua letu nalo litavimba hivyo uzeeni. Ukiona hapo karibu nuru kali isiyometameta, usiihesabu: yaelekea ni sayari inayopita.

4. Linganisha rangi

Rudi kwa Jabari. Kaskazini ya mkanda iko Betelgeuse, nyekundu. Kusini iko Rigel, nyeupe ya kibuluu. Kumbuka chuma cha mhunzi: huanza kuwa chekundu, moto ukizidi kinakuwa cheupe. Kwa hiyo Rigel ndiyo yenye joto zaidi. Zote mbili ni nyota kubwa mno, na nyota kubwa ni kama jiko lenye kuni nyingi na moto mkali: huwahi kumaliza kuni. Umri wao huhesabiwa kwa mamilioni ya miaka, si mabilioni. Betelgeuse itakufa kwa mlipuko uitwao supanova. Mlipuko wa namna hiyo ulitokea kaskazini ya Jabari mwaka 1054. Wanafalaki wa China waliandika kwamba ulionekana hata mchana kwa siku 23. Kilichobaki ni wingu linalotawanyika na, katikati yake, nyota ya nyutroni inayozunguka mara 30 kwa sekunde.

5. Malizia kwa kifuu

Sasa fuata mkanda kusini-mashariki hadi Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ina mwenzake, aliyeonwa kwa darubini na Alvan Graham Clark mwaka 1862: uzito wake unakaribia wa Jua, ukubwa wake kama wa Dunia. Ni kibete cheupe, nyota iliyokwisha kuni zote, inayopoa polepole. Kwa macho hutakiona, maana Shira inakifunika kwa mng'ao wake. Hata hivyo waonyeshe watoto kilipo: Jua litakalowaamsha kesho nalo litaishia kuwa kifuu kama hicho.