Unyevu wa Ukuta na Afya ya Kifua: Namna ya Kumalizia Kuta na Sakafu za Chumba Kilichoingia Ardhini

Mgonjwa wa pumu huweza kupewa dawa sahihi ya kuvuta, akaitumia kama alivyoelekezwa, na bado akarudi kliniki mwezi baada ya mwezi akilalamikia kikohozi cha usiku. Hali ikiwa hivyo, mtoa huduma hana budi kuuliza mgonjwa analala katika chumba cha namna gani. Pengine jibu litakuwa chumba ambacho ukuta wake umegusana na udongo kwa nje.

Vyumba vya aina hiyo si vichache. Majengo ya ghorofa mijini yana vyumba vya chini ya ardhi vinavyotumika kama stoo, maduka na hata malazi. Katika miji yenye vilima kama Mwanza, nyumba inayochongewa mteremko hubaki na ukuta wa nyuma ulioegemea udongo. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kuta za mawe ya matumbawe hunyonya maji ya ardhini hata pale ambapo chumba hakikuchimbiwa chini. Wenye nyumba wengi huficha madoa kwa rangi mpya, vigae au mbao za jipsamu. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Na ukuta nao ndivyo ulivyo. Kanuni kuu ya somo hili ni kwamba chumba hukaushwa kwanza, ndipo hupambwa.

Madhara kwa afya

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na kuvu ndani ya majengo. Mwongozo huo unaeleza kuwa wakaazi wa nyumba zenye unyevu hukabiliwa zaidi na dalili za njia ya hewa, mzio na pumu. Kuvu hutoa chembe ndogo zinazoelea hewani na kuvutwa pamoja na pumzi. Utitiri wa vumbi, ambao ni kichocheo kikubwa cha pumu, nao hustawi katika magodoro na mazulia yenye unyevu. Walio hatarini zaidi ni watoto wadogo, wenye pumu au mzio, na watu ambao kinga ya mwili wao imepungua.

Hata hivyo, unyevu usifanywe sababu ya kila kikohozi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi chahitaji uchunguzi wa kifua kikuu, hata kama ukuta wa chumbani umejaa kuvu. Unyevu hauleti kifua kikuu. Lakini chumba kisichopitisha hewa, chenye watu wengi, hurahisisha maambukizi yake.

Kutambua chanzo cha maji

Maji huingia chumbani kwa njia kuu nne: hupenya ukutani kutoka katika udongo uliolowa, hupanda kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo vya mawe na matofali, huvuja katika mabomba, au hutokana na mvuke wa hewa unaogeuka matone unapogusa ukuta wa baridi. Kila chanzo kina tiba yake, kwa hiyo uchunguzi hutangulia matengenezo.

Kipimo rahisi ni kubandika ukutani kipande cha nailoni angavu chenye upana wa sentimita 45 hivi, kingo zote zikiwa zimezibwa kwa utepe wa gundi, na kukiacha kwa saa 24. Matone yakionekana upande uliogusana na ukuta, maji yanatoka ukutani. Yakionekana upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa ya ndani. Sakafu hupimwa vivyo hivyo. Kipimo kilichofanywa wakati wa kiangazi kirudiwe wakati wa masika, kwa sababu ukuta mkavu wa Januari waweza kulowa Aprili.

Kuzuia maji kwa nje

Kazi yenye faida kubwa zaidi hufanyika nje ya chumba. Maji ya paa yakusanywe kwa mifereji na kupelekwa mbali na msingi. Ardhi inayozunguka nyumba iinamie nje, kwa mteremko wa sentimita 5 hivi kwa kila mita. Kwa ukuta ulioegemea mlima, fundi hupaka lami au dawa ya kuzuia maji upande wa udongo, kisha huweka kokoto na bomba lenye matundu la kuyatoa maji. Haya hufanyika kwa urahisi kabla udongo haujarudishwa. Baada ya hapo gharama huongezeka sana.

Kuta

Ukuta wa kale wa matumbawe ulijengwa kwa chokaa, nao hutoa unyevu wake kwa kupumua. Ukipigwa lipu ngumu ya saruji au rangi ya mafuta, maji hukosa pa kutokea. Hupanda juu zaidi, na chumvi iliyomo hubandua lipu kwa unga mweupe. Ukuta huo hufaa lipu ya chokaa na chokaa ya kupaka. Fundi na avae miwani na glavu, kwa kuwa chokaa mbichi huunguza macho na ngozi.

Mbao za jipsamu zina karatasi, na karatasi ni chakula cha kuvu. Zisiwekwe katika ukuta ambao bado unatoa maji. Palipokauka, ziachwe juu ya sakafu kwa sentimita moja au mbili ili zisinyonye maji. Makabati na vitanda visiegemezwe kwenye ukuta huo, ili hewa ipite nyuma yake.

Sakafu

Sakafu mpya huanza kwa tabaka la kokoto, kisha nailoni nzito ambayo vipande vyake vimepandana kwa angalau sentimita 15 na kuzibwa kwa utepe, ndipo zege humwagwa. Zege jipya huhitaji muda wa kukauka: kwa makadirio ya mafundi, mwezi mmoja kwa kila sentimita 2.5 za unene. Anayefunika mapema hufungia maji chini ya mapambo.

Vigae vilivyowekwa kwa saruji huvumilia unyevu kuliko mbao. Zulia na kapeti la plastiki havifai: la kwanza hulea utitiri na kuvu, na la pili huficha maji chini yake. Asiye na uwezo wa kujenga sakafu upya aanze kwa kuinua godoro juu ya kitanda au chaga.

Kusafisha na kukausha kwa usalama

Vitu vilivyolowa vikaushwe ndani ya saa 24 hadi 48, kabla kuvu hakijaota. Kuvu kilichoenea eneo dogo, lisilozidi mita moja ya mraba, husuguliwa kwa sabuni na maji, msafishaji akiwa amevaa barakoa na glavu. Mwenye pumu asifanye kazi hiyo. Dawa yenye klorini isichanganywe kamwe na yenye amonia, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu.

Chumba kisikaushwe kwa jiko la mkaa wala jenereta. Vyote viwili hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu usingizini. Madirisha yafunguliwe hewa ya nje inapokuwa kavu. Hewa ya joto yenye mvuke mwingi, ikiingia penye kuta za baridi, huongeza matone.

Maswali ya kumuuliza mgonjwa

Mtoa huduma anaweza kuuliza haya: Je, dalili huzidi usiku au wakati wa mvua? Je, hupungua mgonjwa anapolala kwingine? Je, chumba kina harufu ya uvundo, madoa au lipu inayobanduka? Je, godoro liko sakafuni?

Majibu yakielekea kwenye unyevu, dawa iendelee kama ilivyoandikwa, na mgonjwa ashauriwe kuhamia chumba kikavu zaidi huku chanzo cha maji kikitafutwa. Mpangaji asiye na mamlaka juu ya ukuta apewe maelezo ya maandishi ya kumpelekea mwenye nyumba. Rangi mpya isubiri hadi kipande cha nailoni kitoke ukutani kikiwa kikavu.